Nilianguka Imla ya Muziki, na Bado Nasema Soma Nadharia

Wasee, juzi niliweka video nikieleza kwa nini gitaa la benga linakufanya utingishe kichwa hata kama huelewi Dholuo. Ikatembea vizuri. Halafu msee mmoja akaniandikia pale chini: "Wewe si uliacha kampasi? Unatufundisha muziki kama nani?" Akapata likes nyingi kuliko video yenyewe.

Sawa. Basi tuongee.

Ni kweli niliacha. Nilisoma muziki chuo kikuu kwa miaka miwili kasoro, nikatoka. Nikiulizwa kwa nini, huwa nasema ni karo. Na karo ilikuwa shida, siwezi danganya. Karo ya muhula wa kwanza mathe aliikopa kwa chama, na alimaliza kulipa huo mkopo mimi nikiwa tayari nimerudi kulala kwa ile kochi yake. Lakini karo si stori yote. Nilikuwa naanguka somo moja, lile la mazoezi ya sikio, na nilikuwa naona aibu kumwambia mtu yeyote. Kibodi nimepiga kanisani tangu darasa la saba. Sasa ungemwambia nani kwamba mtu wa kibodi anaangushwa na kusikiliza?

Kama hujawahi kuingia darasa kama hilo, linaenda hivi. Mhadhiri anakaa kwa piano. Anakwambia kii, yaani ufunguo wa wimbo, na anakupa noti ya kwanza. Halafu anapiga melodi fupi, tuseme baa nane, mara tatu au nne, akiacha kimya kidogo katikati. Wewe uko na penseli na ile mistari mitano. Unaandika ulichosikia, noti yenyewe na urefu wake. Ni imla kabisa, kama ile ya Kiswahili ya shule ya msingi, ila hapa mwalimu hatamki neno. Ukimaliza hiyo, anapiga noti mbili unasema zimeachana kwa umbali gani. Anapiga kodi (si ile ya landlord) unasema ni meja au maina. Halafu unapewa melodi hujawahi kuiona maishani na unaambiwa uiimbe, bila kupigiwa.

Siku ya kwanza niliandika baa moja na nusu.

Kitu kilichoniuma ni hiki: kipindi kilipoisha, watu wakienda lunch, nilikaa kwa ile piano nikapiga melodi yote mwanzo hadi mwisho, na kodi zake mkono wa kushoto. Nilikuwa nimeishika! Ilikuwa ndani. Vidole vilikuwa nayo, penseli haikuwa nayo, na kwenye karatasi ya mtihani vidole havina alama.

Kando yangu alikaa dada mmoja ambaye alikuwa amefanya mitihani ya ABRSM tangu akiwa mdogo. Yeye alikuwa anamaliza kabla melodi haijapigwa mara ya tatu, anaanza kupamba karatasi. Simchukii, alifanyia kazi hiyo kitu miaka mingi. Lakini usiku mmoja hostelini tukianzisha mapambio, alikwama. Akaniuliza najuaje kodi inayofuata na hakuna karatasi. Nikamwonyesha pambio tatu. Kesho yake akataka kunionyesha yeye anavyoandika, na mimi nikakataa. Nilikuwa na kiburi tu. Hiyo ndio sehemu ya stori ambayo huwa siisemi kwa video.

Badala yake nilijipa jibu ambalo najua nyinyi wengi mnalo hadi leo: nadharia inaua feeling. Muziki ni wa moyo, si hesabu. Nyota wangapi hawajui kusoma noti? Nilisema hivyo hadharani. Video ziko, msizitafute.

Halafu mwaka jana nikapata kazi ya studio. Mwimbaji mmoja alitaka mtu wa kumpigia piano kwa rekodi, shilingi 8,000 kwa siku moja, na mimi wakati huo nilikuwa nadaiwa hadi na mama wa kibanda. Nikaenda nimeoga. Sasa, watu wa kibodi za kanisa mnajua siri yetu. Tunapiga kila kitu kwa C. Mtu akianzisha wimbo kwa sauti yake ya ajabu, unabonyeza transpozi, juu mbili, chini tatu, hadi inakaa, vidole vinabaki palepale. Nimepiga ibada za miaka mingapi hivyo na hakuna mtu alijua. Pale studio nikakuta piano ya mbao. Piano halisi, nzito, haina kitufe hata kimoja. Na wimbo ulikuwa kwa A flati.

Nikajaribu. Nilikuwa nasikia kabisa mahali wimbo unataka kwenda, lakini vidole vilikuwa vinatafuta C ambayo haikuwepo. Dakika kumi. Kila mtu akawa mpole kupita kiasi, unajua ule upole. Mwishowe prodyuza akamwita kijana aliyekuwa anafagia nyaya huko nyuma. Akakaa, akauliza "nyumbani ni A flati?", akapiga. Mwimbaji akasema koo limechoka, washushe nusu. Kijana akashusha hadi G kama mtu anayehamisha kiti. Nilipewa 500 ya fare.

"Nyumbani." Hilo neno lilinikaa kwa kichwa hadi Githurai.

Wikendi hiyo nikaenda kumtafuta Mwalimu. Mwalimu si jina lake, na sitalisema, lakini kanisani kwa mathe kila mtu anamwita hivyo kwa sababu amefundisha kwaya tangu kabla nizaliwe. Hajawahi kuingia chuo chochote cha muziki. Kibodi hapigi. Anayo ile uma ya chuma ya kugonga ikatoa sauti, na ubao, na chaki. Kwa ubao anaandika herufi: d, r, m, f, s, l, t. Nukta mbili zikitenganisha mapigo, mistari ikitenganisha baa, kistari pale unaposhikilia. Solfa. Sisi vijana wa kibodi tulikuwa tunaicheka sana. Tulikuwa tunaiona ni mambo ya wazee wa soprano na alto, watu wa sare.

Nikamwambia, "Mwalimu, nisaidie kitu. Niliangushwa na hii." Nikafungua simu, nikacheza moja ya zile melodi za imla nilizokuwa nimerekodi darasani. Ilikuwa ya maina, ya mwendo wa sita, moja ya zile zilizonimaliza kabisa.

Akasikiliza mara moja bila kuandika. Akauliza, "Hii haina maneno?" Nikamwambia haina. Akaguna kama mtu aliyeletewa chai bila sukari. "Rudia." Mara ya pili akageuza kadi ya harambee iliyokuwa mezani, akaandika nyuma yake. Mara ya tatu alikuwa anahakikisha tu, anafuata kwa kidole. Akanirudishia. "Kijana wangu, hapa mwanzo nyumbani ni la. Usitafute do, utapotea."

Nilienda nayo hadi kwa kibodi nikaipiga. Kila noti. Kila pigo.

Sasa niambieni. Huyo mzee angeingia kwa mtihani wangu wa mwaka wa kwanza, angepata ngapi? Angepata sufuri. Angekuwa amesikia kila kitu na angepata sufuri, kwa sababu ameandika kwa herufi na si kwa mistari. Hapo ndipo nilianza kuelewa kwamba ule mtihani ulikuwa unapima vitu viwili kwa pamoja na kuvipa jina moja. Unapima kama umesikia. Na unapima kama unaweza kuandika ulichosikia kwa mwandiko fulani ambao uliutoa kwa shule iliyokuwa na piano, au kwa mzazi aliyelipia masomo ya Jumamosi. KCSE iko na mtihani wa muziki wenye karatasi nzima ya kusikiliza, lakini ni shule chache zinafundisha hilo somo. Kwa hivyo mnafika mwaka wa kwanza, mmoja alianza akiwa na miaka sita, mwingine alijifunza kwa kibodi ya kanisa yenye funguo mbili zimekufa, na imla ni ileile, Jumatano saa mbili asubuhi.

Mtu ataniambia solfa ni ya kijijini. Buda, hebu skiza. Hizo silabi zilianza karne ya 11 na mtawa Mwitaliano, Guido wa Arezzo, ambaye shida yake ilikuwa kama yetu tu: wanakwaya walikuwa wanachukua miaka mingi kukariri nyimbo. Akachukua wimbo wa Kilatini ambao kila mstari wake unaanza noti moja juu ya uliotangulia, akatumia silabi za mwanzo kama majina ya noti. Na huyohuyo Guido ndiye watu wanamkumbuka kwa kupanga noti kwenye mistari. Kwa hivyo hizi njia mbili ambazo leo zinaonekana kama maadui zilipitia kwa mtu mmoja. Baadaye, Uingereza, mwalimu mmoja wa kike aliyeitwa Sarah Glover akatengeneza mfumo wa herufi kwa ajili ya watoto, na kuanzia miaka ya 1840 mchungaji John Curwen akaukuza akausambaza. Lengo lake lilikuwa watu wa kawaida waimbe bila kuhitaji ala wala pesa. Wamisionari wakaubeba hadi huku. Na Enoch Sontonga, mwalimu wa Afrika Kusini aliyetunga "Nkosi Sikelel' iAfrika" mwaka wa 1897, aliandika nyimbo zake kwa solfa. Hiyo melodi ndiyo Tanzania wanaimba hadi leo kama wimbo wa taifa. Kwa mtihani wangu, Sontonga pia angepata sufuri.

Tukiwa hapo kwa nyimbo za taifa, wacha niwaonyeshe jinsi nadharia ilivyo karibu kuliko mnavyofikiria. Darasani tuliambiwa meja ni furaha, maina ni huzuni. Kila msanii wa TikTok anarudia hiyo. Sasa wewe umeimba wimbo wa taifa wa Kenya kila Jumatatu na Ijumaa gwarideni, miaka yote ya shule. Ni maina. Uliwahi kulia? Huo wimbo ulitoka kwa melodi ya Wapokomo, wimbo wa mama kumbembelezea mtoto, ulioletwa na Mzee Meza Moroa Galana, halafu kamati ya watu 5, akiwemo George Senoga-Zake, ikaupanga kwa ajili ya uhuru wa 1963. Ukiusikia unasikia uzito, unasikia heshima. Huzuni ni kitu kingine.

Tofauti yenyewe kati ya meja na maina ni ndogo kuliko ukucha. Kutoka nyumbani hadi noti ya tatu, kwa meja ni semitoni 4, kwa maina ni 3. Funguo moja ya piano. Sikio lako limekuwa likijua hiyo tofauti tangu darasa la kwanza, lilikuwa linangoja tu mtu aipe jina. Lakini ukipewa jina kwanza, kwa ubao, "terti ndogo ni semitoni tatu", na hujaambiwa ni ile kitu uliyokuwa unaimba ukiwa na baridi gwarideni, basi hilo jina halina mahali pa kukaa.

Na hapa ndipo nawageukia nyinyi wa feeling, wenzangu wa zamani. Msinipigie makofi mapema. Mimi sisemi vyuo vifungwe. Nasema ule uwezo mnaouita feeling ni sikio, na sikio linafundishika. Wapigaji wa kwanza wa benga walichukua mapigo ya nyatiti, chombo cha nyuzi nane, wakayahamishia kwa gitaa la nyuzi sita. Hebu fikiria hiyo kazi. Kusikia mstari kwa chombo kimoja, kuutafuta kwa kingine kilichofungwa tofauti, hadi wasikilizaji watambue. Hiyo ni imla ngumu kuliko zangu zote. Hawakuwa na karatasi, sawa, lakini usiniambie hawakusoma. Walisoma kwa masaa, kwa miaka, kwa mtu aliyekaa mbele yao akiwarudisha wakikosea. Wewe unayesema uko na feeling umefanya masaa mangapi? Mimi nilikuwa na kitufe cha transpozi nikakiita kipaji.

Kitu kingine ambacho nimebadilisha mawazo. Darasani tulipewa nyimbo za kukumbukia umbali wa noti. Kwa ule wa tano unakumbuka "Twinkle Twinkle", kwa ule wa nne unakumbuka ile ya maharusi ya Wagner. Kwa noti mbili pekee yake inasaidia. Lakini melodi ikianza kukimbia huwezi kuwa unaita nyimbo kichwani kila noti mbili, utafika baa ya pili wengine wako ya tano. Isitoshe, kutoka do hadi sol na kutoka re hadi la ni umbali uleule, lakini hazisikiki sawa hata kidogo, kwa sababu moja inaondoka nyumbani na nyingine ilikuwa tayari iko njiani. Mwalimu hapimi umbali. Yeye anajua kila noti inaishi wapi. Sol imesimama imara. Ti inataka kupanda juu kwa do kama mtu aliyebakisha hatua moja kufika kwa mlango. Fa inavuta kushuka kwa mi. Ukijua tabia zao, kii yoyote ni sawa. Ndio maana yule kijana wa studio aliuliza nyumbani ni wapi, akamaliza.

Na hapana, hauhitaji ile zawadi ya kutambua noti bila kupewa msingi. Mwalimu hana. Ndio sababu anatembea na ile uma.

Sasa niseme ukweli upande wa pili pia, maana nimemsifu mzee sana. Solfa ina mwisho wake. Wimbo ukihama kii mara tatu, ile herufi inakuwa vurugu, inabidi useme hii sol sasa ndiyo do, na baada ya muda ubao unafanana na hesabu. Kodi za jazi zenye noti tano sita, sahau. Na kwa mistari mitano unaona umbo la melodi kwa jicho kabla hata hujaimba, inapanda, inashuka, inaruka. Ukitaka kukaa na wageni kwa okestra na kupiga kitu hamjawahi kuskia wote, hiyo mistari ndiyo lugha ya hapo, na dunia nzima inaielewa. Mwalimu mwenyewe aliniambia kwamba mara mbili amekataliwa kazi ya kufundisha shuleni kwa sababu hasomi mistari. Alisema akiangalia kando. Kwa hivyo mtu asije akasema ati solfa inatosha. Haikumtosha yeye.

Mimi siku hizi nafanya hivi kila asubuhi, kabla sijashika simu kwa mambo mengine. Naweka noti moja kwa kibodi, naifunga kwa kipande cha karatasi ili iendelee kulia. Hiyo ni nyumbani. Naimba do. Naruka sol, narudi. Naruka mi, narudi. Halafu zile ngumu, fa na la. Kwa ti bado nashuka kidogo. Kesho nahamisha nyumbani kwa noti nyingine, ziko 12 kwa hivyo kwa wiki mbili nimezunguka zote. Baadaye nachukua wimbo nilioskia kwa matatu jana yake, mistari miwili tu, naandika kwa solfa, halafu, na hii ndio inauma, naihamishia kwa mistari mitano. Dakika ishirini. Mwezi wa kwanza nilitaka kulia. Sasa ni mwezi wa saba na imla ya baa nane naandika sita bila shida. Kile kitufe cha transpozi nimekifunika na selotepu.

Mathe bado anawaambia wenzake wa chama kwamba niko likizo. Siku moja alinikuta nikiimba do-la-do-la kama kichaa, akasimama kwa mlango, akauliza, "Hiyo si ndio vitu vya Mwalimu?" Nikamwambia ndio. Akasema, "Na hayo yote nililipia ya nini basi?"

Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia kuna vitu nilipata huko, na ni kweli. Jina la kila kitu ninachofanya sasa nililipata kwa lile darasa. Nisingeyajua hayo majina, nisingejua hata nimtafute Mwalimu kumuuliza nini.

Kwa hivyo swali langu liende kwa wale mnaofundisha, na najua wawili watatu mnanifuata hapa kimyakimya. Mwaka wa kwanza, muhula wa kwanza, imla ya kwanza: mwanafunzi akiandika melodi yote kwa solfa, kila noti na kila pigo sawasawa, mtamnyima alama kwa kosa gani? Mpeni alama zake za kusikia. Za mistari mitano mpeni muhula wa pili, mkishamfundisha. Mkiwa na sababu ya kukataa, iandikeni hapo chini, nitaisoma yote.

Na wewe wa "unatufundisha kama nani", Alhamisi saa kumi na mbili jioni kwaya inafanya mazoezi. Mwalimu amesema nikuambie uje na penseli.